Mwalimu wa Madrasa na Hifadhi ya Jamii: Nani Aliyemwacha Nje?

Himdi zote njema zinamstahiki Allah (s.w.), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Masahaba zake. Ama baad.

Ndugu msomaji, katika muda wa mwezi mmoja tulizika watu wawili wa mtaa mmoja huko Mbagala, wilaya ya Temeke. Wa kwanza alikuwa mlinzi wa kiwanda kimoja cha Chang'ombe. Wa pili alikuwa mwalimu wa madrasa, mtu aliyesomesha Qur'ani watoto wa mtaa ule kwa miaka 31. Watoto wa yule mlinzi nao walisoma juzuu zao mbele ya mwalimu huyo huyo. Wote wawili waliacha wajane na watoto wadogo, na wote wawili walikuwa wakiishi nyumba za kupanga.

Mjane wa mlinzi alipata msaada wa mazishi kutoka mfuko wa hifadhi ya jamii, na baada ya kukamilisha vyeti vyake akaingizwa katika mafao ya warithi. Mjane wa mwalimu alipata kilichokusanywa katika ndoo iliyopitishwa baada ya Swala ya Ijumaa. Fedha ile ilikwisha kabla ya siku arobaini. Eda yake haijamalizika, mwenye nyumba akaja kudai kodi, na mama yule akaanza kukaanga vitumbua alfajiri mbele ya mlango wake. Kifiqhi tunajua kwamba mwenye eda hutoka kwa haja, na hatukuwa na la kumwuliza yeye. Tuliokuwa na la kuulizwa ni sisi, kwa kuwa sisi tunaoandika maneno haya tulikaa katika kamati ya msikiti ule miaka kumi na moja, na hata siku moja hatukuliweka jambo hili katika ajenda.

Tofauti baina ya wajane hawa wawili imetokana na jambo moja tu: marehemu wa kwanza alikuwa na mwajiri aliyemwandikisha na kumpelekea michango, na marehemu wa pili hakuwa naye. Kwa hiyo makala hii ni uhakiki wa pande mbili. Tunahakiki mpangilio wa hifadhi ya jamii katika nchi yetu, jinsi unavyowatazama watu kwa mafungu. Kisha tunahakiki mazoea yetu misikitini. Dai letu ni hili: sheria ina kasoro zake, lakini mlango uliofungwa mbele ya mwalimu wa madrasa tumeufunga wenyewe, tena kwa hoja tunazozinasibisha na dini hali ya kuwa fiqhi haizikubali.

MAFUNGU YA WATU MBELE YA SHERIA

Tuanze na historia kwa ufupi, kwani kuna jambo la kifiqhi limejificha ndani yake. Mwaka 1964 ilianzishwa NPF, yaani mfuko wa akiba ya wafanyakazi. Ule ulikuwa mfuko wa kuweka na kutoa. Mfanyakazi na mwajiri wake waliweka fedha, na mwisho wa kazi mfanyakazi alirejeshewa fungu lake pamoja na nyongeza ya riba. Sheria ya mwaka 1997 ikaubadilisha mfuko huo kuwa Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF, na mabadiliko hayakuwa ya jina peke yake. Kuanzia hapo mwanachama aliyetimiza masharti hulipwa pensheni ya kila mwezi mpaka kufa kwake, na kiasi chake hukokotolewa kwa idadi ya miezi aliyochangia na mshahara wake. Msomaji aiweke tofauti hii akilini, tutairudia.

Mwaka 2018 mifuko minne ya PSPF, PPF, LAPF na GEPF iliunganishwa ikawa mmoja, Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma, PSSSF. NSSF ikabaki na sekta binafsi pamoja na watu waliojiajiri wenyewe. Hivi ndivyo mafungu yalivyopangika leo.

Fungu la kwanza ni watumishi wa umma. Mchango wao ni asilimia 20 ya mshahara, ambapo mtumishi hutoa asilimia 5 na serikali kama mwajiri hutoa 15. Fungu la pili ni waajiriwa wa sekta binafsi. Nao mchango wao ni asilimia 20, lakini kwa kawaida mfanyakazi hukatwa 10 na mwajiri huongeza 10. Kwa hiyo mlinzi wa kiwanda, mwenye mshahara mdogo na ajira isiyo na uhakika, hukatwa sehemu kubwa zaidi ya mshahara wake kuliko ofisa wa wizarani. Hii ni kasoro ya kwanza, nayo yafaa isemwe wazi.

Fungu la tatu ni walioumia kazini. Hawa wanatazamwa na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliowekwa na sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi mwaka 2015. Mchango wake hutolewa na mwajiri peke yake. Fungu la nne ni kaya maskini sana, ambazo hupewa ruzuku kupitia TASAF, na huko hakuna kuchangia. Fungu la tano liko upande wa pili wa bahari: tangu mwaka 2016 Zanzibar humpa pensheni jamii kila mzee aliyefikia miaka 70, awe aliajiriwa au hakuajiriwa. Kiwango kilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi, na baadaye kikapandishwa kuwa 50,000 katika uongozi wa Rais Hussein Mwinyi. Bara hatuna pensheni ya namna hiyo. Mzee wa Tandale na mzee wa Mwembeladu ni raia wa nchi moja, lakini uzee wao hautazamwi kwa jicho moja.

Baina ya mafungu haya kuna umati mkubwa uliobaki katikati. Ni mama lishe wa Tandika, dereva wa bodaboda wa Bunju, fundi cherehani wa Manzese na mvuvi wa Kunduchi. Si maskini wa kiwango cha kuandikwa TASAF, wala hawana mwajiri wa kuwachangia. NSSF imefunguliwa mlango wa kuwaandikisha kwa hiari, na hilo ni jema. Lakini aliyejiajiri hutoa mchango wote peke yake, bila ya mtu wa kumwongezea hata shilingi. Huyu ndiye mwenye kipato cha kuyumba kuliko wote, na ndiye aliyeachwa abebe mzigo wote.

Mwalimu wa madrasa tumemzoea kumhesabu katika umati huu wa katikati. Hapo ndipo tunapokosea. Mwalimu anayepewa saa za kuingia na kutoka, anayepangiwa madarasa na kamati, na kulipwa kila mwezi hata kama kinachoitwa malipo ni "nauli" au "sabuni", huyo hakujiajiri. Ana mwajiri, na mwajiri wake ni sisi. Sheria humtazama mwajiri bila ya kumwuliza dini yake. Tumemhamisha mwalimu kutoka fungu la waajiriwa na kumtupa katika fungu la wasio na mtu, na hapana ofisi ya serikali iliyotuamrisha kufanya hivyo.

DIWANI YA UMAR NA SWALI LA NANI ATANGULIE

Kuwapanga watu kwa mafungu katika mali ya umma si jambo geni kwetu. Abu Yusuf (aliyefariki mwaka 182 H/798), katika Kitab al-Kharaj, na Abu Ubayd (aliyefariki mwaka 224 H/838), katika Kitab al-Amwal, wametusimulia jinsi Makhalifa waongofu walivyotofautiana katika mgawo. Abu Bakr (r.a.) aligawa sawa kwa sawa. Alipoambiwa kwamba wako waliotangulia katika Uislamu na wenye fadhila, jibu lake kwa maana lilikuwa kwamba kutangulia kwao malipo yake yako kwa Allah, ama huu mgawo ni maisha ya dunia, na katika maisha usawa ni bora kuliko upendeleo.

Umar (r.a.) alipoanzisha Diwani, yaani daftari la majina na mafungu, aliona vingine. Aliwatanguliza waliotangulia, na riwaya mashuhuri zinataja dirham 5,000 kwa Muhajirina waliopigana Badri, na chini yao wengine kwa daraja zao. Hata hivyo daftari lile halikumsahau asiye na nguvu ya kufanya kazi. Watoto wachanga waliandikiwa fungu lao. Mwanzo lilikuwa likitolewa baada ya mtoto kuachishwa ziwa. Umar alipogundua usiku mmoja kwamba mama mmoja anamwachisha mwanawe mapema ili apate fungu, alilia, kisha akaamrisha fungu litolewe tangu kuzaliwa. Kiongozi alikiri kwamba kanuni yake mwenyewe imewadhuru watoto, akaibadilisha asubuhi yake. Na imepokewa pia kwamba mwisho wa maisha yake alitamani kurudi katika rai ya usawa.

Kisa kingine ni cha mzee kipofu, Myahudi katika raia wa dola, ambaye Umar alimkuta akiomba mlangoni. Alipomwuliza kilichomfikisha hapo, mzee alitaja jizya, haja na umri. Umar alimshika mkono, akampa kitu kutoka nyumbani kwake, kisha akamwagiza mtunza Baitul-Mal amtazame mzee huyo na walio mfano wake, na akamwondolea jizya. Sababu aliyoitoa, kwa maana, ni kwamba si uadilifu kula ujana wa mtu kisha kumtupa akizeeka.

Tuyapime mazoea yetu kwa mizani hii. Mwalimu akilalamika kwamba hana akiba wala matibabu, jibu lililozoeleka kwenye vikao ni: "Malipo yako kwa Allah, ustadhi." Neno hili ni la haki. Abu Bakr (r.a.) alilisema. Lakini alilisema ili kuthibitisha kwamba fadhila hulipwa Akhera na kwa hiyo maisha ya dunia yagawiwe kwa usawa. Sisi tumechukua nusu ya kwanza ya hoja yake na kuitumia kuifuta nusu ya pili. Na tukiisha kula ujana wa mwalimu kwa miaka 31, tunampitishia ndoo siku ya jeneza lake. Mzee yule wa Madina hakuwa hata katika dini yetu, na alipata kwa Umar (r.a.) zaidi ya alichopata kwetu mwalimu wa Suratul Fatiha ya watoto wetu.

HOJA NNE ZINAZOSEMWA KATIKA KAMATI

Hoja ya kwanza: kufundisha Qur'ani ni ibada, na ibada haina ujira wala pensheni. Wanafunzi wa fiqhi wanajua kwamba masuala haya yana upambanuzi. Kwa rai iliyo sahihi zaidi katika madhehebu ya Imam Shafii (r.a.), ambayo ndiyo iliyoenea katika mwambao wetu, mkataba wa ijara haujuzu kwa uimamu wa swala, kwa kuwa swala ni ibada yenye nia ya mwenye kuifanya. Ama kufundisha Qur'ani, ijara yake inajuzu, na katika Sahih Bukhari imo hadithi ya Ibn Abbas (r.a.) inayokifanya Kitabu cha Allah kuwa chenye haki zaidi ya kuchukuliwa ujira. Hata imamu, ambaye ijara yake haikujuzu, haachwi na njaa, kwani mafakihi wamempitishia rizki, yaani posho kutoka Baitul-Mal, kwa sababu amejifunga kwa maslahi ya Waislamu. Abu Bakr (r.a.) mwenyewe alipopewa ukhalifa alikuwa mfanyabiashara wa nguo. Kazi ya umma ilipomzuia na biashara yake, alipangiwa posho ya kumtosha yeye na ahali zake. Posho haikupunguza ikhlasi yake.

Hoja ya pili: kuweka akiba ya uzee ni upungufu wa tawakkul. Jawabu liko katika mwenendo wa Mtume (s.a.w.), ambaye imethibiti katika Bukhari na Muslim kwamba alikuwa akiwawekea ahali zake chakula cha mwaka. Na Saad bin Abi Waqqas (r.a.) alipotaka kuusia mali yake nyingi, Mtume (s.a.w.) alimzuia isizidi thuluthi, akamfahamisha kwamba kuwaacha warithi wakiwa wanajitosheleza ni bora kuliko kuwaacha wakinyoosha mikono kwa watu. Mjane wa Mbagala tumemwacha anyooshe mkono, na hiyo si tawakkul. Tena angalia: wanakamati wanaoitoa hoja hii wengi wao ni wastaafu wanaopokea pensheni kila mwezi.

Hoja ya tatu ndiyo nzito: hii ni bima, na bima ni haramu. Hapa tunahitaji kupambanua. Bima iliyozungumzwa na Ibn Abidin (aliyefariki mwaka 1252 H/1836) katika Radd al-Muhtar ni ile ya mizigo ya baharini, mkataba wa kibiashara baina ya mfanyabiashara na mtu anayechukua ada ili adhamini hasara. Majma ya Fiqhi ya Kiislamu ya Jumuiya ya nchi za Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1985, iliamua kwamba mkataba wa bima ya biashara wenye ada maalumu una gharari kubwa yenye kuufisidi, kwa hiyo ni haramu, na ikaielekeza jamii kwenye bima ya kusaidiana iliyojengwa juu ya kuchangiana. Miaka 20 kabla ya hapo, mwaka 1965, Majma ya Utafiti wa Kiislamu ya Al-Azhar ilikwisha kupitisha kwamba vyama vya kusaidiana, pamoja na mfumo wa serikali wa pensheni na dhamana za kijamii zinazofanana nao, vinajuzu.

Sababu ya kupambanua ni maana ya mkataba. Katika bima ya biashara mwenye kampuni anauza dhamana na faida ni yake. Katika hifadhi ya jamii hakuna mwenye hisa anayegawana faida. Walio kazini leo wanawabeba waliozeeka, na kesho watabebwa na watakaokuja. Hii iko karibu na maana ya aakila, yaani jamaa kushirikiana kumlipia ndugu yao diya ya kuua bila ya kukusudia, na iko karibu na mwenendo wa Maashari ambao Mtume (s.a.w.) aliwasifu kwa kukusanya chakula chao kidogo katika nguo moja na kukigawa sawa. Vyama vyetu vya kuzikana vya mitaani vimesimama juu ya maana hii hii, na hatujamsikia shekhe akiviharamisha.

Ndani ya hoja hii kuna sehemu yenye haki, nayo ni riba. Mifuko yetu huwekeza baadhi ya fedha katika hati fungani za serikali na amana za benki zenye riba. Hatuwezi kulinyamazia hilo ili hoja yetu inyooke. Tunachosema ni mambo matatu. Kwanza, fatwa nyingi tulizorithi za kukataza "fedha za NPF" zilitazama mfuko wa kuweka na kurejeshewa pamoja na riba. Pensheni ya leo hukokotolewa kwa miezi na mshahara, haikuandikwa kuwa riba juu ya fungu la mtu fulani, kwa hiyo hukumu ya jana haihamishiwi leo bila ya uchunguzi. Pili, mipango ya hiari ya kujiwekea akiba ichunguzwe kila mmoja peke yake, kwa kuwa mpango wa kurejesha akiba pamoja na nyongeza yake unarudi katika sura ile ya zamani. Tatu, Waislamu tudai kwa njia za kisheria uwekezaji ulio safi. Hapo zamani tungeambiwa hakuna pa kuwekeza. Leo sukuk zipo nchini: benki ya KCB Tanzania ilitoa yake mwaka 2022, na mwaka 2025 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar nayo ikatoa yake. Kasoro inayoweza kurekebishwa hudaiwa irekebishwe, wala mjane haachwi na njaa kwa ajili yake.

Hoja ya nne: msikiti hauna fedha. Hii si hoja ya dini, ni hoja ya hesabu, basi tuifanyie hesabu.

HESABU YA IJUMAA MOJA

Tuchukulie mwalimu analipwa shilingi 200,000 kwa mwezi. Mchango wake wa asilimia 10 ni 20,000, na wa mwajiri ni 20,000, jumla 40,000. Tuseme msikiti hautaki kumkata hata senti, ukaamua kubeba zote. Msikiti wa pembezoni mwa mji wenye watu 200 wa Ijumaa, kila mmoja akitoa shilingi 200 Ijumaa moja tu ya mwezi, umepata 40,000 kamili. Shilingi 200 hazitoshi hata nauli ya daladala. Ijumaa tatu zilizobaki ni za umeme, maji na mikeka.

Masharti ya pensheni ya uzee ni miezi 180 ya kuchangia, yaani miaka 15. Kwa hesabu yetu, miaka 15 ni shilingi 7,200,000. Kamati nyingi zimetumia zaidi ya hizo kwa vigae na kuba. Mwalimu wetu marehemu alifundisha miaka 31. Angeandikishwa mwaka wake wa kwanza, angekuwa ametimiza sharti hilo mara mbili na zaidi. Na lau angekufa kabla ya uzee, lipo fao la warithi, na hapo ndipo ilipokuwa tofauti ya wale wajane wawili.

Itasemwa: walimu wengine wamekwisha kupita umri, hawatatimiza miezi 180. Ni kweli, na sheria humlipa wa namna hiyo kwa mkupuo badala ya pensheni ya mwezi. Kwa hao msikiti unahitaji njia ya pili, nayo ni wakfu. Tangu enzi ya Nizam al-Mulk, aliyefungua Madrasa ya Nizamiyya ya Baghdad mwaka 459 H/1067, walimu wa Kiislamu wamelishwa na mali za wakfu. Imam Ghazali alisomesha hapo. Zanzibar ziko nyumba na mashamba yaliyowekwa wakfu kwa ajili ya misikiti na wanaoihudumia. Kwetu Mbagala, Chamazi au Tegeta, fremu mbili za duka zilizojengwa kwenye ukuta wa kiwanja cha msikiti, zikapangishwa na kodi yake ikaandikwa kuwa ni ya walimu wazee na wajane wao, zinatosha kuwa mwanzo.

YALIYO JUU YETU

Imam Nawawi (aliyefariki mwaka 676 H/1277), katika Minhaj ambayo wanafunzi wetu huisoma kwa mashekhe wao, amehesabu katika faradhi za kutosheleza kuondoa madhara ya Waislamu, kama kumvisha aliye uchi na kumlisha mwenye njaa, pale ambapo Zaka na Baitul-Mal hazikutosha. Faradhi ya namna hii ikiachwa na wote, wenye uwezo wote huingia katika dhambi. Kwa msingi huo tunapendekeza yafuatayo.

Kwanza, kila msikiti na madrasa yenye mwalimu wa kudumu imwandikie mkataba, utaje kazi yake na malipo yake, na neno "sabuni" litoke katika daftari la matumizi. Pili, kamati iandikishwe kuwa mwajiri na ipeleke michango kwa wakati. Mwajiri anayekata fedha ya mfanyakazi kisha asiifikishe amekula amana, na ni bora asingekata. Tatu, kila kamati iweke wakfu mdogo kwa waliopitwa na umri. Nne, waumini waliojiajiri wajikusanye katika vikundi vyao vya mtaani, wachangie kidogo kidogo, wala wasingoje mpaka mgongo uumie.

Ama kwa serikali tunasema haya. Aliyejiajiri mwenye kipato kidogo aongezewe mchango kutoka mali ya umma, kama mtumishi wa umma anavyoongezewa na mwajiri wake. Mzee wa Bara atazamwe kama mzee wa Zanzibar. Mifuko ifungue uwekezaji usio na riba kwa wanachama wanaouhitaji. Na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 itekelezwe kwa namna itakayomfikia asiye na hati ya mshahara, kwa kuwa jina lake limewataja wote.

Hata hivyo tusijifiche nyuma ya madai kwa serikali. Sheria ilikuwapo miaka yote ile tuliyokaa katika kamati. Ofisi za mfuko zipo katika mji wetu huu huu. Mwalimu alikuwa akipita mbele yetu kila Laasiri na mkoba wake wa juzuu, na sisi tukijadili rangi ya mlango.

Baada ya eda kwisha tulikwenda kwa mjane yule na kuomba radhi. Alitusikiliza, akatukaribisha chai na vitumbua, akasema marehemu alikuwa ametusamehe siku nyingi. Kisha akauliza swali moja: mwalimu mpya aliyeletwa, kijana wa miaka 26 mwenye mke na mtoto, je, ameandikishwa? Siku hiyo hatukuwa na jibu. Ijumaa iliyofuata kamati ilikaa, na kijana yule akaandikishwa.

Tunamwomba Allah (s.w.) amrehemu mwalimu wetu na yule mlinzi, awatunze wajane na mayatima wao, na atujaalie kuwa miongoni mwa wanaomlipa mfanyakazi haki yake.

Wabillahi tawfiq. Wallahu aalam.